Pijo Lako Limenyamaza, Baba

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimeketi ndani ya Pijo lako, nje ya nyumba ya Tata Wanja hapa Embu. Mama yuko ndani na huyo dada yake, wanakunywa chai, na kicheko chao kinanifikia huku nje. Najua swali lako la kwanza lisingekuwa afya yangu. Ungeuliza gari liko aje. Liko sawa, Baba. Lina ekzosi mpya ya stenlesi, kutoka kwa injini mpaka mkiani, na ndiyo habari niliyokuja kukupa.

Ile ya zamani ilianguka Kangeta, mbele ya soko la miraa, wakati watu wote wako nje. Wuui, aibu! Bomba likaburutika kwenye lami, cheche zinaruka, na mimi nimevaa nguo za kwenda harusini. Wafungaji wa miraa wakaja mbio. Walinicheka kwanza, halafu wakanisaidia. Unajua walilifunga na nini? Kamba za mgomba, zile zile wanazofungia miraa. Na mimi binti yako msomi nikasema asanteni sana, nikaondoka. Bomba linalowaka moto kama jiko! Sikufika hata Muthara. Nilisikia harufu ya mtu anayechoma takataka, nikasimama, nikaona ni mimi ndiye ninayechoma. Nilizima moto kwa soda niliyobeba ya harusi. Ungekuwepo ungenicheka mpaka ukae chini.

Lakini lililoniuma halikuwa hilo. Tangu tukuzike, Mama hakuwa ameingia ndani ya gari hili. Kanisani anakwenda kwa miguu. Sokoni Ruiri anapanda bodaboda, mtu wa umri wake, mwavuli mkononi. Nikifika nyumbani na Pijo, yeye anaingia jikoni na hatoki mpaka nizime. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu gari limeharibika sauti. Tundu la ekzosi limekuwa kubwa, gari linabweka tu, halingurumi vile lilivyonguruma ukiwa wewe kwenye usukani. Nikasema moyoni, nikirudisha ile sauti ya Baba, Mama naye atarudi.

Na ile sauti ilikuwa wewe, si uongo. Watu wa Ruiri walikuwa wakiisikia inapanda kutoka bondeni wanasema daktari wa ng'ombe huyo, na kabla hujafika ng'ombe ameshafungwa. Mama alikuwa anaweka chai motoni. Sisi tulikuwa tunakimbilia lango. Ukiambiwa uitengeneze ekzosi ulikuwa unajibu, "Gari lisilosikika ni la mwizi."

Mutwiri, huyo mwanao, alitaka tununue ekzosi kuukuu kwa watu wa vyuma chakavu tumalizane. Nikakataa. Akaniambia, "Wewe unataka mzee afufuke kupitia paipu ya moshi?" Tulikosana, tukanyamaziana, halafu tukapatana kwa sababu alihitaji kuazima gari kwangu. Hajabadilika.

Nikaleta Pijo hapa Embu kwa Fundi Njeru, mtu anayetengeneza matangi ya maziwa. Ana mdomo kuliko mashine zake zote. Aliniambia chuma cha kawaida kitaliwa na kutu tena, mvua yetu haina huruma, lakini stenlesi ile ya matangi itanizika hata mimi. Shida ni moja: stenlesi ina sauti yake, inalia juu kidogo kama sufuria. Kwa hivyo nichague. Anaweza kuweka paipu pana na sailensa nyepesi, agonge na kurekebisha mpaka likaribie mngurumo wa zamani. Au aweke sailensa ndefu iliyojazwa pamba ya chuma ya kumeza kelele, na gari lipite kwa jirani asijue.

Nilikuwa na sauti yako kwenye simu, Baba, tangu ile siku nilipokurekodi ukipasha injini asubuhi. Nikamchezea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Hii si gari, hii ni fahali. Nyinyi Wameru hata magari yenu yana hasira!" Nilicheka, na katikati ya kicheko nikalia, mbele ya mafundi wake wote. Nikamwambia anitengenezee hiyo hiyo.

Jumamosi nikapanda matatu kwenda nyumbani kumpa Mama habari njema. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nilipomweleza kwamba fundi ataiga ule mngurumo, alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Kinya, huo haukuwa mngurumo. Lilikuwa tundu." Akasema hiyo gari ilipokuja ilikuwa inateleza kimya kabisa, tundu likaja baadaye, ukalifunga na mkebe wa mafuta ya kupikia na waya, na ukaanza kulipenda. Kumbe kila Jumapili alikuwa anashuka kanisani masikio yanamlia mpaka mahubiri yaishe! Na hakukuambia tena, kwa sababu ulikuwa unafurahi.

Halafu akaacha kucheka. Aliendelea na maharagwe yake, akasema bila kuniangalia, "Nikisikia hiyo sauti, miguu inasimama kwenda kufungua lango kabla kichwa hakijakumbuka. Kila mara. Nimechoka kusimama bure."

Mimi nilidhani anakimbia gari kwa kuwa halisikiki kama wewe, kumbe linasikika kama wewe kupita kiasi. Usiku huo sikulala vizuri. Kumpigia Njeru aweke ile sailensa ndefu kulikuwa kama kukuzika mara ya pili, nakwambia ukweli. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Mwishowe nikapiga haraka kabla moyo haujageuka. Njeru akauliza, "Umeamua kuwa mpole?" Nikamwambia afanye kazi yake aachane na mimi.

Kazi imetoka safi, Baba. Inang'aa huko chini ambako hakuna mtu wa kuiona. Mungu aliye hai anajua jinsi nilivyoogopa jana kuingia na Pijo nyumbani. Hakuna mbwa aliyebweka. Mama alikuwa anakama, akageuka akakuta gari limesimama uani, akasema, "Eh, umefika saa ngapi?" Nikamwambia kuna safari ya Embu kwa dada yake kesho kama anataka. Aliuliza tu kama kiti cha mbele kimepanguswa.

Leo tumetoka mapema. Mpaka Nkubu alikuwa ameshikilia tu mkoba magotini. Tulipoanza kushuka zile kona za kuelekea Chuka, nikasikia kitu. Nilidhani ni redio ya mtu barabarani. Kumbe ni Mama aliyekuwa anaimba. Nyimbo za kanisani, kwa Kimeru, polepole, ile sauti ya pili ambayo huwa inapotea katikati ya kwaya. Ni nzuri, Baba. Sikujua ana sauti nzuri hivyo. Nilipunguza mwendo, malori yakanipita yakipiga honi, sikujali. Tulipovuka Thuchi nikamuuliza alianza lini kuimba ndani ya gari. Akanishangaa. "Nimeimba kila safari tangu baba yako anioe. Nani angenisikia?"

Nimekupa basi habari zote. Kwaheri ya leo, Baba, na usinikasirikie kwa kunyamazisha gari lako. Nitalitunza, na Mama nitampeleka popote atakakotaka. Redio sitaiwasha.

Binti yako,
Kinya