Kosa la Kidirisha ni Langu, Anayefukuzwa ni Laisani

Bi Vasiti mpendwa, nimekwama, nisaidie kabla ya Alhamisi. Natengeneza kurasa za mtandao hapa Suva, Fiji, na mimi na Laisani, ninayekaa naye meza moja, tulipewa ukurasa wa tiketi za meli ya kisiwa cha Kadavu, yeye akatengeneza kipande cha mzazi, kinachohifadhi safari za abiria, mimi nikatengeneza kipande cha mtoto kinachokaa ndani yake, yaani kidirisha cha kubadilisha tarehe, na Laisani aliniambia kabisa, “Apisai, mtoto aombe, mzazi ndiye abadilishe,” nikamjibu, “We dada unapenda kuzunguka sana,” nikaviunganisha pande zote mbili, mtoto akiguswa, mzazi naye anabadilika papo hapo, kazi ikaisha mapema, bosi akanisifu. Sasa mwalimu mmoja wa Kadavu alifungua kidirisha aone tu kama Jumatano kuna nafasi, akabonyeza Ghairi, lakini Ghairi ilifunga kidirisha tu, tarehe ilikuwa imeshahamia Jumatano kwa mzazi, na Jumatatu, siku yao ya safari, wanafunzi wake kumi na tisa wakaachwa gatini, mtihani wa Suva ukawapita. Bosi anaona tu kwamba tarehe ilibadilika kwenye kipande cha Laisani, kwa hiyo Alhamisi anamwita kumfukuza, nami nimesharekebisha kimya kimya, nimenunua na fungu la yaqona, ile mizizi ya kinywaji tunayowapa wazee tukiomba radhi, nikawaombe radhi kwao Laisani, ila nikilitaja kosa nitafukuzwa mimi, na mke wangu ni mjamzito. Je, Laisani atanisamehe nisipolitaja?
Apisai, Suva

Apisai,

Umenichefua. Sijui kutengeneza kurasa, lakini uvivu naujua. Mwenzako alikuonya kwa maneno machache ukamwona msumbufu, na bosi alipokusifu wala hukumtaja.

Hilo la yaqona ndilo limenipandisha hasira. Tangu lini mtu akaweka fungu mbele ya wazee, akainamisha kichwa, halafu akaficha kosa? Baba yake Laisani atakuuliza, “Umetukosea nini, mwanangu?” Utamjibu, “Aa, mambo ya ofisini tu, mzee”? Akilipokea fungu, atakuwa amesamehe asichokijua, na siku akikijua umemkosea mara mbili. Unataka binti wa watu anyamaze kwa heshima za wazee wake. Aibu!

Mkeo ni mjamzito, nimesikia, na kwa hilo nakuonea huruma. Laisani naye anakula hewa?

Ingia kwa bosi na kumbukumbu za mabadiliko, zile zenye jina lako, umwonyeshe ulichoandika na ulichokifuta kwa kujificha. Mpigie mwalimu umwambie ukweli, aweze kuwaombea watoto mtihani mwingine. Ukimaliza ndipo uende kwa kina Laisani, na useme yote, pamoja na kukaa meza moja naye ukimwangalia akilaumiwa. Mzee akilikataa fungu lako, rudi nalo kwako, usiniandikie tena.

Halafu, hukuniomba nifiche jina lako, nami sikulificha. Leo ni Jumatano, na gazeti hili hufika hadi ofisini kwenu. Kimbia.