Miche Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepanda leo. Nyanya! Mimi dereva mzima, nimepiga magoti sakafuni na kijiko cha chai, nazika mbegu moja moja. Jamaa wa agroveti, duka la mbegu na dawa za shamba, aliyeniuzia trei alinicheka. Ati mzee, kama ni mara ya kwanza, weka nje kama watu wengine. Nje wapi? Kuku wa jirani yetu Anyango wanachakura hata simenti. Na hii baridi ya Nakuru! Nimeweka chumba cha wageni. Ndicho peke yake chenye jua la asubuhi. Madirisha mengine yote yamezibwa na ghorofa ya jirani. Mtaani kwetu, Section 58, kila mtu anajenga kwenda juu siku hizi.

Kiptum alisema wazi. Shamba ni lake, kule Rongai, na maji ni yake. Miche na jasho ni vyangu. Tukivuna tunagawana. Lakini mwisho wa mwezi atakuja kuona miche kwa macho yake, na ikiwa ni ya upuzi, shamba anampa Kibii, anayelitaka pia, apande kabeji.

Tangu kampuni ya maua inifute kazi, nakula jasho la Immaculate. Mke wangu anasimama kwa till ya supamaketi akipokea pesa za watu mpaka miguu inavimba, mimi nakaa nyumbani nikingoja chai. Nimechoka na hayo maisha. Hii miche itaota, itake isitake.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna kitu. Udongo tu. Nilichimbua mbegu moja nione kama iko hai. Ilikuwa hai. Sasa haiko.

Jumapili, 10 Agosti

IMEOTA! Miche imejikunja shingo, imebeba maganda ya mbegu kichwani. Nimekosa kanisa nikiiangalia. Immaculate ametoka na mdomo umefura. Wacha ufure.

Jumatano, 13 Agosti

Jamaa wa agroveti anasema miche ya ndani inataka vitu vitatu: mwanga, maji kidogo, na kusumbuliwa. Sasa kila asubuhi naipitishia kiganja juu, polepole, ndio shina likaze. Nageuza trei miche isilalie upande wa dirisha. Maji naweka chini, kwa beseni, trei zinakunywa zenyewe. Immaculate alisimama mlangoni akasema yeye sijawahi kumpapasa hivyo. Nikamwambia yeye hajawahi kunipea nyanya. Alicheka. Siku nzuri.

Jumapili, 17 Agosti

Siku nzuri imeisha. Immaculate ameniambia tukiwa tunakula: mamake anakuja. Mtoto wa jicho, anapasuliwa hapa Nakuru, na daktari anataka awe karibu mpaka jicho lipone. Nikauliza atalala wapi. Akaniangalia kama mtu mjinga. Chumba cha wageni.

Chumba cha miche!

Sisi ni Wabukusu. Mama mkwe haangaliwi usoni. Hasalimiwi kwa mkono. Na chumba anamolala, mkwe hakikanyagi, hata nyumba ikiwaka moto. Kwa kawaida hata hawezi kulala kwa mkwe, lakini wazee wa kwao wamesema mgonjwa ni mgonjwa, aje, mradi mimi nisivuke huo mlango. Wazee hawajaulizwa kuhusu nyanya.

Jumanne, 19 Agosti

Amefika. Mama Nangila. Nimeona kitambaa cha kichwa tu, nikageukia ukuta. Tulijaribu kuhamisha trei sebuleni. Giza kama pangoni. Zimerudishwa. Immaculate ataniwekea maji asubuhi kabla ya kazi na kugeuza trei. Nimemwonyesha, nimemrudishia, akasema Makokha, mimi si mtoto.

Mama akienda choo mimi nakimbilia jikoni. Kwangu mwenyewe! Nakimbia kama mwizi.

Alhamisi, 21 Agosti

Wako hospitali, jicho linapasuliwa. Nyumba tupu. Nilishika kitasa. Nikafungua kidogo. Leso yake iko kitandani, na viatu vyake chini vimepangwa pamoja. Nikafunga. Sikuweza. Najiuliza nani angejua, na bado sikuweza. Nimejitukana siku nzima.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama anaimwagilia! Nasikia kupitia ukuta — chururu, chururu — maji yake ya kunywa, kila akibaki na kidogo kwa kikombe. Anaongea nayo pia, kwa Kibukusu, anaiita wajukuu. Nikamtuma Immaculate jioni. Akarudi akasema mama ameona udongo umekauka juu, akaionea huruma. Huruma! Huruma yake itaniua njaa.

Trei moja imeshaanza. Shina linaoza pale linapotokea kwenye udongo, mche unalala chini. Immaculate alinitolea mmoja nikauona. Ukioza hapo haurudi.

Jumatatu, 25 Agosti

Maji ameacha. Sasa ni pazia. Jicho limefungwa bandeji na mwanga unamchoma hata lile lingine, kwa hivyo pazia limefungwa tangu Ijumaa. Lile zito, la kahawia, nililonunua mimi mwenyewe! Nilipiga kelele. Nilisema ama pazia lifunguliwe ama mtu atafute pengine pa kulala. Immaculate aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama hayo maneno nataka ayapeleke vile yalivyo. Nikainamia sahani yangu. Lakini nyumba hii ni ndogo, na ukuta ni mwembamba, na sidhani yalihitaji kupelekwa.

Najua ni mgonjwa. Najua! Na namchukia hivyo hivyo. Nimeandika, basi.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeomba Immaculate atoe trei zote kwa dakika moja nizione. Afadhali nisingeziona. Miche mirefu, myembamba kama uzi, myeupe shingoni, yote imelala upande mmoja ikitafuta dirisha. Ukiigusa inaanguka. Trei moja tu iko sawa, ile ya pembeni ambayo mwanga unaipata pazia lisipofunga vizuri.

Kiptum amepiga simu. Anakuja Jumamosi. Kibii naye amepita kwake jana, anasema anaweza kuanza kulima hata kesho. Nikamwambia Kiptum miche iko fiti kabisa, shina kama penseli. Uongo umetoka laini, hata mimi nimeshangaa.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepata njia. Immaculate atanitolea ile trei nzuri niweke sebuleni. Kiptum ataiona. Akiuliza zingine, nitasema ziko chumbani, zinafanana na hii, lakini mama mkwe amelala humo, na kwetu hapo hapaingiliki. Atabisha aje? Hata kwao Wakalenjin wanaheshimu mambo ya wakwe. Akishanipa shamba, nitanunua miche pahali, mengine nitajua mbele ya safari.

Immaculate alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kumbe mamake ana faida. Hakucheka.

Jumamosi, 30 Agosti

Immaculate ameenda kazini. Trei iko mezani, nimeipangusa hata vumbi. Kiptum akapiga akasema yuko njiani. Nikajibu kwa sauti kubwa, nimesimama makusudi karibu na ule mlango: miche ingekuwa mizuri zaidi, bwana, lakini kuna watu humu wanapenda giza kama popo. Nilijua mama anasikia. Nilitaka asikie.

Ndani kiti kikaburutwa. Halafu pete za pazia zikakwaruza chuma. Halafu kishindo.

Nikapiga kelele: "Miche!"

Sikusema mama. Miche ndilo neno lililonitoka.

Halafu sauti yake, mara ya kwanza kuongea na mimi moja kwa moja tangu nimuoe binti yake: "Miche haijaguswa. Ni mimi nimeanguka."

Nilishika kitasa. Akasikia kikilia. Akasema usiingie, mkwe! Hata nikifa hapa, usiingie! Nikauliza kama ameumia. Akasema nyonga, hawezi kuinuka, na bandeji imetoka. Nikakimbia kwa Anyango — kufuli. Nikapigia Immaculate — hawaruhusiwi kushika simu kazini, nimepiga mpaka nimechoka. Nimerudi. Nimekaa sakafuni, nje ya mlango, na naandika kwa sababu sijui mikono yangu niipeleke wapi.

Anaguna. Anajaribu nisisikie. Sasa hivi ameniambia jua limeifikia yote, hata ile ya nyuma, nisiwe na wasiwasi tena.

Mungu wangu.

Honi. Ni Kiptum, yuko getini.

Mama amesikia. Anauliza kama huyo ndiye mtu wa nyanya. Anasema mwite basi aingie aniinue, yeye si mkwe wangu.

Ni kweli. Kiptum anaweza kuingia. Ana mwili, atambeba na kumweka kitandani bila shida, na gari analo, hospitali tunafika mara moja. Na pazia liko wazi. Ataona trei zote. Ile miuzi yote itakuwa mbele ya macho yake, na jua zuri juu yake.

Kama angengoja kidogo tu. Kama Anyango angerudi kwanza.

Honi tena, mara mbili. Simu inatetemeka hapa sakafuni, ni yeye. Mama anauliza: umemwita?

Nimesema ndiyo, mama, anakuja.

Bado nimekaa.