Délégué na truelle ya Floribert

Vénantie, uko wapi? Fungua telefone! Kaka yangu Floribert amenimaliza!

Si unajua alipata kazi ya kudumu, kujenga centre de santé ya kutibia wagonjwa hapa Kibabi? Chef ya chantier alishasema: muntu wa syndicat, ile chama ya kutetea wafanyakazi, kwangu hapana. Basi ule délégué wa syndicat, Papa Makuza, akawapigia mafundi kelele mu réunion: « Chagueni! Syndicat ao utumwa! »

Mafundi wote wakaangalia viatu vyao. Floribert peke yake akasimama, akatupa truelle yake, mwiko ya kujengea, mbele ya chef: « Mimi niko muntu wa syndicat! » Chef akamufukuza kazi palepale.

Floribert! Muntu hata kuku ya bibi yake inamufukuzaka!

Lundi yote akakaa mu salon na koti ya harusi, akingojea délégué alete habari ya mapambano. Nadine bibi yake akatayarisha foromaji ya maziwa, ya kupokea mugeni. Watoto njo walikula.

Leo asubui akaenda ku chantier kuangalia mwenyewe. Alikuta nani juu ya ukuta? Makuza! Makuza mwenyewe, na truelle ya Floribert mu mukono!

Eti: « Camarade, niliingia ju niwatetee kutokea ndani. » Kutokea ndani, Vénantie!

Ngojea, bado hujasikia mubaya. Makuza akanyoosha mukono: « Camarade, nipe tofali. »

Kaka yangu akavua koti ya harusi, akaikunja muzuri, akamupa tofali.

Niko hapa ku chantier, Nadine amenituma nimuite akule. Angali anamupa matofali. Bure, bila kulipwa.