Boke Hakuwemo Katika Hesabu

Mpendwa dada Robi,

Nimehamishwa. Barua ilifika hapa bomani Tarime Jumatatu iliyopita, na kabla ya mwezi kwisha natakiwa niwe nimeripoti Mwanza na watu wangu. Wenzangu wamenipa mkono wakisema nimebahatika, Mwanza ni mji. Mimi tangu siku hiyo najumlisha na kutoa. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeniweka kwenye kiti hiki cha ukarani, na kwa sababu huko Kisaka ulikolala, mwaka wa nne sasa, hakuna anayekudai kodi ya nyumba.

Unakumbuka nilipokwenda shule ya kati Musoma? Ng'ombe wa mahari yako walikuwa hawajalizoea zizi letu, na baba akaanza kuwauza ili anilipie ada, mmoja mmoja, kila muhula. Watu walimcheka. Ng'ombe wa binti ni wa kumwolea ndugu yake mke, walisema, si wa kununulia kalamu. Asubuhi ile ulitoka kwa mumeo ukaja kunisindikiza, sanduku langu ukalibeba wewe kichwani mpaka njia ya kivukoni. Tulipoachana ulisema, "Wasome, mura. Wasome ng'ombe wangu wote, usiache hata kwato." Uliniita mura, kijana mwanamume, nami machozi yalikuwa yamenijaa na nilikuwa najifanya vumbi limeniingia.

Likizo ya kwanza nilirudi na hesabu kichwani. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, baba amesimama langoni na fimbo yake, mimi nikawahesabu kwa sauti ili aone ada yake imekwenda wapi. Nilipofika kumi na saba alinipiga kofi la mdomo. "Unamhesabia nani? Unataka asikie nani?" Kwetu kilicho hai hakihesabiwi, awe ng'ombe au mtoto. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, na shule ilikuwa imenisahaulisha katika miezi mitano. Wewe ulikuwa umekuja kuomba maziwa, ukacheka mpaka ukaketi chini. "Mwacheni, amemaliza kuwasoma waliouzwa, sasa anawasoma waliobaki."

Lakini baba alisimama pale langoni bila namba yoyote, na jioni moja ndama mwekundu alipokosekana alijua kabla mkia wa mwisho haujaingia. Hilo limenirudia sana wiki hii.

Sasa nikueleze hesabu yangu. Karani mwenzangu aliyefanya kazi Mwanza alinikalisha akanitajia bei za huko, nami nikaandika. Chumba kimoja na ukumbi mdogo, shilingi ishirini na tano kwa mwezi. Unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa, hayo nilikuwa nimeyatarajia. Yaliyonivunja ni yale mengine. Nilipomsomea mke wangu Gati, aliacha kumnyonyesha mtoto akanitazama.

"Kuni zinauzwa?"

"Ni mkaa. Unauzwa kwa gunia."

"Na maji?"

"Kwa debe. Kuna watu wanaleta mlangoni."

"Mji uko kando ya ziwa na maji wananunua," alisema. "Hao watu wako salama?"

Nikaendelea. Maziwa kwa chupa. Mboga kwa fungu. Mahali pa kusagia, senti kadhaa kwa kila debe la mahindi. Vitu ambavyo hatujawahi kuvipa bei tangu tuzaliwe, dada, vilikuwa vimekula theluthi ya mshahara kabla sijafika kwenye nguo. Nilidhani nimemaliza, Gati akauliza, "Wageni umewaandika wapi?" Sikuwa nimewaandika. Utawekaje mgeni kwenye mstari? Kwetu chungu kikipikwa, mtu ambaye hajafika huwa ameshapikiwa. Karani mwenzangu alikuwa amenionya pia: ukishapata chumba mjini, kila mtu wa Kisaka mwenye jino bovu atakuja kung'olewa Mwanza, na atalala kwako.

Nilifanya hesabu ile mara sita. Nilipunguza sukari. Nilipunguza sadaka ya kanisani, Mungu anisamehe. Fedha ninazompelekea mama sikuthubutu kuzigusa. Kila nilipojumlisha, mwisho wa mwezi nilikuwa nimepungukiwa shilingi kumi na moja. Mara ya saba nikamtoa Boke. Chakula chake, nguo zake, ada yake ya shule. Zikabaki shilingi nne.

Ndiyo, nilimtoa mwanao. Nakwambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mumeo alikwenda kwenye mashamba ya chai ng'ambo ya mpaka kabla ya kumaliza kulipa ng'ombe, na tangu ulipofariki hajaonekana, kwa hiyo Boke amebaki wetu. Niliona atarudi Kisaka kwa mama, ambaye siku hizi hamjui mtu mpaka amsikie sauti. Awe macho yake, amtekee maji. Niliyapanga maneno hayo vizuri sana. Mwanzoni mwa wiki hii fomu ya uhamisho iliponifikia ikiuliza idadi ya watu wa nyumbani, niliandika watatu: mimi, Gati na mtoto wetu. Nikaipeleka kwa Karani Mkuu. Nyumbani sikusema neno.

Na nakukasirikia, dada. Kila mtu ameniachia kazi ya kuwa na uwezo. Baba alisema nikisoma nitawabeba. Wewe ulisema nile ng'ombe wako mpaka kwato, na nikala, na haya ndiyo niliyopata: mshahara ambao hauwezi kununua maji ya watu wanne. Hakuna aliyenifundisha kuishi mahali ambapo kuni ni fedha. Nikimwambia mtu bomani kwamba mshahara hautoshi, wataniona mlalamishi, na karani mlalamishi hupelekwa mbali zaidi. Kwa hiyo nanyamaza, najumlisha.

Boke alikuwa amekwisha funga vitu vyake. Kibao chake cha kuandikia, gauni la kanisani, na ile kanga yako ya njano ndiyo aliyovifungia. Aliniuliza, "Mjomba, Mwanza wasichana wanasoma mpaka darasa la ngapi?" Nikamjibu kwamba sijui. Nilikuwa najua.

Jumatano alibakiza ugali wake nusu. Ni mtoto anayelamba mpaka kidole gumba, anakula kama wewe. Nikamuuliza kama anaumwa. "Nimeshiba, mjomba." Alhamisi vilevile, na maziwa akamsogezea mdogo wake. Gati alisubiri mpaka alipotoka kuosha vyombo.

"Unajua kwa nini hali?"

"Amesema ameshiba."

"Wewe unahesabu kwa sauti, Marwa. Debe la unga siku ngapi, watu wangapi. Nyumba hii ina ukuta gani wa kuzuia maneno? Anajipunguza ili atoshe."

Gati akasema, bila kupandisha sauti, "Kwenye karatasi ile umemwandika?" Nikarudi kupanga senti zangu mezani. Alimchukua mtoto akatoka nje, akaniacha na mafungu yangu ya senti.

Unakumbuka Boke alipozaliwa, ulituma nije na kalamu? Nilikuwa darasa la sita. Ulinipa kitabu chako cha nyimbo ukasema, "Mwandike huyu. Nataka nione ng'ombe wangu wanavyoandika." Hukujua kusoma, lakini uliitazama ile herufi ya kwanza kwa muda mrefu, ukaniuliza kama tumbo lake halijawa kubwa mno. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya ukarani niliyowahi kufanya.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Karani Mkuu. Ni mtu anayefuta miwani yake kabla ya kukukaripia. Nikaomba fomu yangu, nikasema nilimsahau mtu mmoja. Huo ulikuwa uongo. Alifuta miwani.

"Karani asiyejua idadi ya watu wa nyumbani kwake, nitamwamini vipi na kodi za wilaya nzima?"

"Nimekosa, bwana."

"Ni mtoto wako?"

"Wa dada yangu. Marehemu."

"Serikali haisafirishi watoto wa dada. Lori la Musoma wala meli, hatalipiwa."

"Najua, bwana. Nitamlipia mwenyewe."

"Basi fomu ibadilishwe kwa faida gani?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri, nimeyapanga njiani. Yalinitoka yote. Nikasema tu, "Nataka aandikwe, bwana."

Alinitazama kama mtu anayetazama barua isiyo na anwani. Kisha akaisukuma fomu upande wangu. Nilikata tatu nikaandika nne, na kwa kuwa nafasi ya namba haikunitosha nikaandika pembeni, Boke. Tumbo la herufi limekuwa kubwa mno.

Dada, usidhani mambo yamenyooka. Baiskeli yangu naiuza Jumamosi kwa nauli yake, na nimeambiwa bei ambayo ni matusi. Shilingi kumi na moja bado zinakosekana, na wageni bado sijawaandika popote. Nina hofu na Mwanza kuliko nilivyokuwa na hofu na Musoma, na safari hii hakuna wa kunibebea sanduku.

Mchana nilirudi nyumbani nikamwambia Boke kwamba jina lake limo. Hakurukaruka. Ni mtoto wako, alitaka uthibitisho.

"Na hesabu imekubali?"

"Imekataa," nikamwambia.

Alifikiri. Halafu akavuta sahani iliyokuwa na ugali wake, akaketi, akala mpaka kidole gumba.

Lala salama, Robi. Nikipita kivukoni nitatazama upande wa Kisaka.

Mdogo wako, niliyewasoma mpaka kwato,
Marwa