Lulu Moja Karibu na Kifungo

Alhamisi, Same. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kikombe cha chai. Milimani kuna wingu zito, kwa hiyo Myamba kunanyesha. Saa kama hii mama angekuwa mbioni kuanua nguo.

Leo sijashona kitu. Nimefunika cherehani na kukaa tu, nikiutazama mkufu wake.

Mama ametuacha miezi miwili sasa. Jumamosi hii ukoo unakutana nyumbani Myamba kugawa vitu vyake: vitenge, sufuria, jembe, Biblia. Mkufu tuliukuta ndani ya kopo la majani ya chai, umeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Baba alimletea kabla sijazaliwa. Alikuwa kibarua wa reli pale Lembeni, na siku moja akarudi kutoka Tanga na hicho kitu mfukoni, akasema ni lulu. Mama alimwamini hadi anaingia kaburini.

Wengine hawakuamini.

Shangazi Nakijwa, dada yake baba, alipouona alicheka hadi akashika ukuta. "Lulu! Kaka yangu huyuhuyu niliyemjua mimi, aliyeazima viatu vya harusi? Hebu leteni kiberiti!"

Shangazi anauza asali, na asali kwetu tunaijaribu kwa njiti: unaichovya, unaiwasha, ikigoma kuwaka asali ina maji. Alitaka kuujaribu mkufu vivyo hivyo. "Ikinuka plastiki, wapeni watoto wachezee."

Niliufunika kwa viganja. "Shangazi, nakuomba. Niachie hadi Jumamosi nikauulizie mjini."

"Kauulizie, mwanangu. Ila usirudi na kilio, machozi yetu tumeshamaliza."

Alikuwa anatania, namjua. Lakini wazo lilinichoma. Kama ni plastiki, basi mama alivaa uongo shingoni kila Jumapili, na wenzake kanisani walijua, yeye peke yake hakujua.

Kuna jambo jingine, sijawahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa darasa la tatu niliutoa mkufu kwenye kopo, nikaenda nao kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, nijitazame majini. Nikasikia mtu anakuja. Nikauvuta kwa haraka, uzi ukakatika, lulu moja ikadondoka. Niliiona ikizama polepole, nyeupe, halafu sikuiona tena. Nilifunga uzi kwa fundo la mtoto, nikaurudisha koponi. Kwa wiki nzima nilisubiri kuchapwa.

Mama hakusema neno. Nikajua sikugundulika.

Basi leo nimeenda kwa sonara, mzee mmoja karibu na soko ambaye kwao ni pwani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Lakini nilipoukunjua ule mkufu, aliinua.

Hakuomba kiberiti. Kwanza aliulaza kiganjani mwake, kisha akanipa. "Ushike. Una baridi?" Ulikuwa na baridi, halafu ukapata joto taratibu mkononi mwangu. Akasema plastiki haina baridi hiyo, na haina uzito huo. Akachukua punje moja, akaisugua kidogo tu kwenye ncha ya jino lake, kisha akaniambia nami nijaribu. Ilikwaruza, kama mchanga laini sana.

"Ya bandia inateleza," akasema.

Nikaisugua tena, kuhakikisha.

Akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akazipitia moja moja. Alinionyesha kwamba hazifanani kabisa: hii imebonyea kidogo, ile ina kidoa. Akasema huo si ubaya, ndivyo zinavyozaliwa, na zikifanana kupita kiasi ndipo mtu atie shaka. Matundu yake ni madogo na kingo zake ni safi. Kati ya punje na punje kuna fundo, ili uzi ukikatika idondoke moja tu.

Moja tu.

Halafu akaisogeza punje moja kwenye mwanga wa mlango. "Tazama ndani." Nikatazama. Niliuona mlango wote umo mle, mdogo, na mtu anapita barabarani, na juu yake rangi ya waridi hafifu. Mzee akasema mng'aro ndio unaoipa lulu daraja, kuliko hata ukubwa. Kama zilifugwa au zilijiotea zenyewe baharini, hilo macho yake hayawezi kujua, linataka mashine. "Lakini ni za kweli, na ni nzuri. Jasho na sabuni huziua. Nani alikuwa anazitunza?"

Nikamkumbuka mama akitoka kanisani: kabla ya kuwasha moto, kabla hata ya kuvua viatu, anaketi na kuupangusa mkufu kwa pindo la kanga. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mzee alipofika mwisho alisimama. "Hii hapa, ya karibu na kifungo. Hii ni plastiki."

Rangi ilikuwa imebanduka kwenye tundu. Uzi wa pale ulikuwa tofauti. Mimi ni fundi nguo, niliutambua hapohapo: uzi wa pamba, wa kushonea, umefungwa kwa mkono uliotulia. Fundo langu la utotoni halikuwepo.

Mama alijua.

Alijua, akatafuta punje inayofanana, akaitia mwenyewe mahali ambapo ukosi wa gauni unafunika. Na sasa naelewa jambo ambalo liliniuma utoto wote. Kila Jumapili nilitaka nimfungie mkufu, na kila Jumapili alinikatalia. "Acha, mwanangu, nimezoea." Nilidhani haniamini. Kumbe alikuwa ananificha aibu yangu mwenyewe, wiki baada ya wiki, hadi nikawa mtu mzima.

Mzee akasema anaweza kuitoa ile moja, mkufu ubaki na lulu tupu. Nilisema hapana kwa sauti kubwa hadi akacheka.

Sasa nimesimama mbele ya kioo, nimejaribu kuufunga mwenyewe kama alivyokuwa akiufunga. Mara ya tatu kifungo kimekubali. Kidole kimeigusa ile moja. Ni nyepesi, haina baridi.

Jumamosi nitamwambia shangazi kwamba kaka yake hakudanganya, na ningependa kuuona uso wake. Mkufu upewe yeyote ambaye ukoo utaamua. Lakini kabla hajaupokea nitaugeuza, niwaonyeshe nyuma, niseme mbele ya wote ni nani aliyeipoteza lulu ya mama na nani aliyenyamaza.

Nitaanza na ile ya plastiki.