Zimwi la Kumi

Maarif, Casablanca
27 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Ijja,

Salamu nyingi zikufikie huko Lille, wewe na Ami Omar na binti zako wote watatu. Goti lako linaendeleaje? Yule daktari aliyekwambia upunguze kupanda ngazi, amekutafutia nyumba ya chini, au kazi yake ni kusema tu? Sisi huku hatujambo. Zuhair ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho lakini anaendelea vizuri, na mimi sina ugonjwa wowote unaoonekana.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe. Simu yako inashikwa zaidi na wanao kuliko wewe, na haya ni ya macho yako tu. Katika ukoo wetu mzima ni wewe peke yako uliyetuandalia mimi na Zuhair sahani mbili mezani bila kuuliza kitu. Ndiyo maana leo nakubebesha mzigo huu. Unisamehe.

Safari hii tulikwenda nyumbani Idi ya Kuchinja. Mama alipiga simu mwenyewe, akasema nije na "yule rafiki yako muuguzi", na kwamba Baba hakukataa. Kwa Baba, kutokukataa ni jambo kubwa. Unakumbuka kiapo chake nilipokataa kumuoa binti wa Mzee Lhusain: aliapa mbele ya msahafu kwamba ulimi wake hautanisemesha na mkono wake hautanigusa mpaka nioe. Miaka minne sasa. Anajua nini kuhusu mimi na Zuhair? Sijui, shangazi. Nadhani anajua yote na amekataa kuambiwa. Mimi nilichokitaka ni kidogo: aniite jina langu tu, hata kwa kunigombeza.

Basi tukafika Ait Wazzu, na Baba akampokea Zuhair kwa mikono miwili, maana mgeni ni mgeni. Mimi akanipita kama mlango uliofunguliwa. Wakati wa chai ndipo vichekesho vilipoanza.

"Mgeni wetu," akasema, "mwambie mwenzako chai yake inapoa."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Zuhair akanigeukia kwa adabu zote: "Mzee anasema chai inapoa."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Anasema amesikia, Mzee."

"Mwambie amekonda. Huko Casa hawauzi mkate?"

Mama alicheka mpaka akaficha uso kwenye shela. Nami nilicheka. Ilikuwa inaniuma, lakini nilicheka. Baba alimpenda Zuhair, hilo nililiona wazi. Alimtembeza kwenye mizeituni yake yote, mti kwa mti, akamweleza upi ulipandwa na babu na upi ulikaribia kufa mwaka wa ukame. Zuhair alisikiliza miti, na pia alisikiliza kifua, kile kifua ambacho Baba alikileta kutoka migodi ya makaa ya huko kwenu. Aliporudi aliniambia kile kifua kinapiga filimbi vibaya na kwamba mzee hapaswi kabisa kupanda vilima.

Siku ya Idi ilikwenda salama. Zuhair alikula maini mengi mno. Kesho yake zikaanza siku tatu za Bilmawen, na hapo ndipo yalipotokea ya kutokea.

Binti zako hawajayaona haya, siku moja uwasimulie. Waambie jinsi vijana wasiooa wanavyojishonea ngozi za mbuzi wa Idi, wanavyojipaka masizi na kuvaa kichwa chenye pembe, kisha wanakimbiza watu vichochoroni na kuwapiga kwa kwato wapate baraka. Waambie kubwa zaidi: aliye ndani ya ngozi hasemi, hatajwi na hana jina mpaka siku ya tatu, ngozi zinapovuliwa mbele ya watu kwenye uwanja wa kupuria. Kabla ya hapo si mtoto wa mtu. Ni zimwi tu.

Mwaka huu walivaa tisa. Kiongozi wao alikuwa Mbark, yule mtoto wa marehemu binamu yako Hmad. Alasiri ya siku ya kwanza wote tisa walikuwa wamekaa uani kwa Mbark wanakunywa maji, mara wanawake wakaja mbio kutoka kisimani. Walikuwa wameona jingine. Jeusi, manyoya yamenyonyoka, linanuka uvundo wa ghala, halichezi, halidai mayai wala sukari. Lilisimama tu nyuma ya ukuta wa nyumba yetu likitazama.

Siku ya pili likaonekana tena, mahali pale pale. Tangu hapo kijiji hakikuzungumza jingine. Bibi Rqia akasema lile si la kuvaliwa, ni zimwi lenyewe limeshuka kutoka mapangoni, na kwamba limepita kwenye vumbi bila kuacha nyayo. Mbuzi wa jirani akaharibu mimba, nalo likasingiziwa hilo pia. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Kisha nikaona watu wanaacha kuzungumza tunapopita, na nikaacha kucheka.

Mbark akanisimamisha njiani.

"Bihi, huyu mgeni wako. Jana alasiri alikuwa wapi?"

"Amelala. Tumbo lilimsumbua, maini yenu hayo."

"Na leo?"

"Yuko na Mama darini wanaanika nyama."

"Mwanamume anaanika nyama?" Akatema mate pembeni, si kwa ubaya sana. "Haya. Ila kesho ngozi zinavuliwa. Likija la kumi livue na wenzake, tutacheka naye. Lisipovua, tunaliwinda. Kama ni mtu anatuchezea, atajuta kuzaliwa."

Siku ya tatu mchana, Zuhair na mimi tulikimbilia kwenye chumba cha kukamulia zeituni kupumzika kutokana na makelele. Nje tulisikia vijana wakikusanya fimbo. Mlango ukasukumwa, likaingia.

Zuhair alifikiri ni mmoja wa wale tisa, akalinyooshea bonge la sukari. Halikumtazama. Lilikuja moja kwa moja kwangu, likanyanyua kwato, nami nikakinga uso kwa kuwa wengine wanapiga kweli. Lilinigusa begani mara tatu, polepole, jinsi mama anavyomgusa nayo mtoto mwenye homa. Halafu likatoa mkono kwenye ngozi na kuuweka kichwani pangu. Halikuuondoa.

Ndipo niliposikia ile filimbi.

Shangazi, nilielewa yote kwa mara moja na sikuweza kufanya lolote. Aliyeapa ni baba yangu, Haji Belaid. Zimwi halina jina, halikuapa kitu kwa mtu yeyote. Alikuwa amepekua ghalani ngozi kuukuu za mbuzi waliochinjwa miaka iliyopita, mzee wa miaka sabini na moja aliyekwenda Makka, akajivika takataka hizo na kupanda kilima siku tatu mfululizo akinitafuta niwe mahali pasipo na watu, ili anishike kichwa bila kuvunja neno lake. Na mimi nisingeweza kusema "Baba". Ningelitamka tu, angekuwa Haji Belaid tena, na mkono ungeondoka. Nilikuwa na neno moja tu kinywani na lilikuwa ndilo lisilofaa.

Aliyelikatiza tendo lile alikuwa Zuhair, kwa sababu filimbi ilikuwa inageuka mkoromo.

"Mzee, kaa chini. Kaa. Usiongee."

Akamvua kichwa kile cha mbuzi. Uso wa Baba ulikuwa wa bluu midomoni. Alimtazama Zuhair, kisha akatazama sakafu, na hakunitazama mimi kabisa. Zuhair akamfungua kamba zote, akamkalisha akiegemea jiwe la kusagia, akamhesabia pumzi mpaka midomo ikarudi rangi. Nje tukasikia sauti ya Mbark ikigawa watu: hawa wapite juu, hawa wapite kwenye mashine ya zeituni.

Unajua kijiji chetu. Mzee, haji, mwenye nyumba, ndani ya ngozi za vijana wasiooa! Wangemcheka mpaka kaburini, na baada ya kucheka wangeuliza alikuwa anamtafuta nani, na kwa nini.

Mimi nilikuwa bado nawaza. Nilipogeuka, Zuhair ameshazivaa.

"Mpitishe baba yako mlango wa nyuma," akasema.

"Zuhair, vua."

"Bihi, nenda. Mikono yangu inanuka mbuzi tayari."

Nikaenda. Nilimshika Baba kwapani nikampeleka nyumbani, na Mama, alipotuona, hakuuliza, alileta kanzu nyeupe na maji. Wakati huo kelele za huko zilikuwa zimeshapanda. Walimpiga kabla hajapata nafasi ya kuvua kichwa. Mbark mwenyewe aliniambia baadaye hawakupiga sana. Nyuzi nne, shangazi.

Wakaja kumwita Baba kama mwenye mgeni. Tulikwenda naye uwanjani, mimi nimemshika kiwiko. Zuhair amesimama katikati na ngozi zile zilizonyonyoka, damu inamtiririka hadi kwenye shati, anatabasamu kijinga.

"Samahani jamani, nilitaka kucheza na mimi. Kwetu Casa hatuna mambo haya."

"Kucheza?" Mbark akapiga kelele. "Mila za watu ni mchezo? Wanawake wamekimbia kisima siku tatu!"

"Mbuzi wangu nani atamlipa?" mwingine akadakia.

"Mzee Haji," akasema Mbark, "mgeni ni wako. Ametudhihaki sisi na wewe pia. Unasemaje?"

Mama alikuwa amesimama na wanawake, naye alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba siku ya pili Zuhair alikuwa naye darini. Alivuta shela mdomoni. Nikamtazama Baba. Nilimwomba kwa macho, lakini yeye kwa miaka minne amejifunza kutoyaona macho yangu.

"Aondoke," akasema Baba.

Ni neno hilo tu. Na mimi nilinyamaza. Usinionee huruma kwa hilo. Nilikuwa na ulimi, sikuwa nimeapa kitu, na nilinyamaza nikijiambia namlinda baba yangu. Labda nilikuwa namlinda. Tuliondoka alasiri ile ile. Mama alitufungia chupa mbili za amlu, ile siagi yake ya lozi na asali, moja akampa Zuhair mkononi, akamshika vidole kwa muda mrefu. Baba alikuwa chumbani amelala.

Ningekuandikia wiki iliyopita, ila nilikuwa nangoja. Nilijua lazima patatokea kitu, haiwezekani mambo yakaisha hivyo. Na kweli, juzi Jumapili simu ya Mama ikalia, na Mama akasema Baba amewalisha maskini kumi, kafara ya kiapo chake, anataka kuongea nami. Niliweka sauti ya juu ili Zuhair asikie. Nilidhani anataka kumshukuru.

"Bihi," akasema Baba.

Shangazi, nilimtazama Zuhair badala ya kuitika. Ilibidi aseme tena.

"Bihi. Upo?"

"Nipo, Baba."

"U mzima?"

"Mzima, Baba. Na wewe?"

"Mungu anasaidia. Mama yako anasema mwakani huji. Uje. Nyumba hii ni yako." Akapumua kidogo. "Ila uje peke yako. Yule watu hawamtaki tena hapa, na mimi nilishasema mbele yao. Umenielewa, mwanangu?"

Zuhair alikuwa amekaa mkabala nami, bandeji juu ya jicho. Aliniita mwanangu. Nilitafuta maneno kila mahali na nikapata mawili.

"Ndiyo, Baba."

Simu ilipokatika Zuhair alisema, "Amekuita kwa jina."

"Mara mbili."

"Basi nimefurahi," akasema. Nilisubiri kejeli ndani yake, haikuwamo. Akachukua koti lake la kazi na kwenda hospitali, ingawa zamu yake ilikuwa imebakiza saa tatu nzima ianze.

Tafadhali usimpigie Baba. Usimwandikie wala usimwambie unajua. Umri wake umekwenda na kifua ndicho hicho, na sitaki afe akiwa na aibu. Sikuombi dawa ya jambo hili, maana nimeligeuza kila upande na sijaiona. Nilitaka tu mtu mmoja duniani ajue la kumi lilikuwa nani, na aliyepigwa badala yake alikuwa nani.

Nisalimie Ami Omar, na Nadira, Siham na mdogo wao Wafa, waambie zawadi zao ziko kabatini zinangoja mtu wa kuzileta. Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya goti na umri mrefu, asikuonyeshe ubaya katika nyumba yako. Zuhair anakusalimu. Hajui kwamba nakuandikia, lakini ningemwambia, ndivyo angesema.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Bihi