Dola Sita kwa Siku

Baba Angel,

Wali na maharage vimo kwenye friji. Angel yuko kwa Mama Kidawa. Mpitie ukitoka mahakamani.

Asubuhi nilikuuliza mbele ya mtoto ni mwanamume gani anayeacha zamu ya ghalani ili akalipwe dola sita kwa siku mahakamani. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini nilikosea kukuaibisha. Ulijibu tu, “Nimeitwa mzee wa baraza, nisaidie kuamua kesi, Mama Angel, si kibarua,” ukaondoka bila chai. Kikombe chako kiko hapa mezani. Nimeshindwa kuimwaga hiyo chai.

~~Kesho mwombe jaji akuachie.~~

Usiombe. Nimechukua zamu ya Jumamosi hospitalini, itaziba pengo la mshahara wako. Kaa mpaka kesi iishe. Shati la bluu nimelipiga pasi, uvae kesho.

Mama Angel